Utundu si Ujanja: Mbwa wa Vibonzo, Mbweha wa Ngano na Mtahiniwa wa Garissa

Utangulizi

Mwalimu mwenzangu, chukua majibu ya darasa lolote kuhusu hekaya uyasome kwa makini. Aghalabu utakutana na sentensi hii au ndugu yake: "Sungura ni mtundu kwa sababu alimdanganya fisi." Mtahiniwa ameona mnyama, ameona vurugu, amesikia kicheko, kisha akahitimisha kuwa vyote ni kitu kimoja. Neno moja limewekwa mahali pa jingine, na hoja nzima imeyumba.

Makala haya yanadhamiria kuonyesha mambo matatu. Kwanza, utundu na ujanja ni sifa mbili tofauti. Pili, tofauti hiyo ndiyo inayokitenga kichekesho cha mnyama na hekaya. Tatu, mwanafunzi wa Garissa, Wajir au Mandera anayo nyumbani kwao ngano inayoweza kulieleza jambo hili vizuri kuliko kitabu chochote cha marudio. Ili tufike huko tutapitia njia isiyozoeleka: tutaanza na mbwa wa filamu ya vibonzo iliyotengenezwa Marekani mwaka 1934, kisha tumwite jamaa yake wa nyika za Kaskazini Mashariki, yaani mbweha.

Suala hili si dogo kwa eneo letu. Baada ya mashambulizi ya Mandera ya Novemba 2014 na lile la Chuo Kikuu cha Garissa la tarehe 2 Aprili 2015, walimu wengi waliotoka sehemu nyingine za nchi waliondoka. Shule kadhaa zilibaki na walimu wachache mno, na watahiniwa wengi wakalazimika kujisomea fasihi wenyewe. Hata mahali mwalimu alipo, mara nyingi ni mgeni asiyezijua ngano za wenyeji, hivyo hushika sungura wa kitabuni akamfundisha mwaka hadi mwaka. Mwanafunzi naye hukariri ngano ambayo hakuwahi kuisikia ikisimuliwa, na zile alizosimuliwa na nyanya yake huziacha mlangoni mwa darasa akidhani kuwa hizo si fasihi ya Kiswahili. Hilo ndilo jambo ninalotaka tulirekebishe.

Pluto na karatasi ya gundi

Filamu ninayoizungumzia inaitwa Playful Pluto. Ilitolewa na studio ya Walt Disney mwezi Machi 1934 na iliongozwa na Burt Gillett. Ni ya rangi nyeusi na nyeupe, na urefu wake ni dakika zipatazo 8. Kisa chake ni chepesi. Mickey, yule panya mashuhuri, anafanya kazi za nyumbani: anakusanya majani makavu uani, kisha anahangaika na maji yanayovuja. Mbwa wake, Pluto, anataka kucheza. Kila Mickey anapotengeneza, Pluto anavuruga. Majani yaliyokusanywa yanatawanyika. Tochi inamezwa, na mwanga wake unaonekana ukimulika ndani ya mwili wa mbwa. Hatimaye Pluto ananasa kwenye karatasi ya gundi iliyowekwa kwa ajili ya nzi.

Kipande hicho cha karatasi ya gundi, ambacho kilichorwa na Norman Ferguson, ndicho kilichoipa filamu hii sifa. Pluto akikinasua kichwa, mguu unanasa. Akiunasua mguu, karatasi inahamia kwingine. Anasimama, anaitazama, anawaza, anabuni mbinu nyingine, na mbinu hiyo inamtia katika mnaso mpya. Wachambuzi wa historia ya vibonzo hukihesabu miongoni mwa vipande vya mwanzo vilivyomfanya mtazamaji aone mhusika wa kuchorwa akifikiri. Pluto hasemi neno hata moja. Mawazo yake yanasomeka usoni, masikioni na katika kule kutua kidogo kabla ya kila jaribio.

Msomaji, zingatia jambo moja: Pluto hajamkusudia mtu ubaya. Hakupanga kuyatawanya majani ili Mickey achoke, wala hakumeza tochi ili aiibe. Alitaka mchezo, basi. Huo ndio utundu: nguvu nyingi, subira chache na kutojali kitakachofuata. Mtoto wa miaka mitatu anayemwaga unga jikoni ni mtundu. Hatumwiti mjanja mpaka siku atakapoumwaga unga huo, kisha akamsukuma paka karibu nao.

Uhuishaji na uhuishi

Hapa mwalimu ana nafasi nzuri ya kufundisha istilahi. Filamu za vibonzo huitwa pia filamu za uhuishaji. Mbinu ya lugha ya kukipa kisicho binadamu sifa za binadamu huitwa tashihisi au uhuishi. Maneno yote mawili yametokana na kitenzi huisha, yaani kutia uhai. Mchoraji hukitia uhai kichoro kwa kukifanya kisogee. Fanani humtia mnyama utu kwa kumfanya aseme na akusudie. Mwanafunzi akiishika asili hii hataisahau maana ya tashihisi hata akiulizwa usingizini.

Hata hivyo, tashihisi ina ngazi. Pluto yuko ngazi ya chini: anatembea kwa miguu minne, anabweka, na vazi lake ni ukosi wa shingoni tu. Mwenzake Goofy, aliyejitokeza mara ya kwanza mwaka 1932 katika studio iyo hiyo, naye ni mbwa, lakini anavaa nguo, anatembea kwa miguu miwili na anazungumza. Na mwenye kumfuga Pluto ni panya! Mtahiniwa akitaka mfano wa kinaya, huu hapa: panya anamiliki mbwa, na mbwa mmoja anafugwa ilhali mwingine ni rafiki wa mwenye nyumba.

Wahusika wa ngano zetu wanakaa ngazi ya kati. Mbweha wa ngano hutembea kwa miguu minne, hula nyama mbichi na hulala porini kama mbweha yeyote, ila anasema, anashauriana na anapima maneno. Uhuishi wake uko kinywani. Hii ni tofauti kubwa baina ya filamu isiyo na maneno na fasihi simulizi: katika filamu akili ya mnyama huonekana, katika ngano akili ya mnyama husikika.

Mfano wa filamu iliyojaribu kuyaunganisha haya mawili tunao hapa Kenya. Mfululizo wa Tinga Tinga Tales, ulioanza kuonyeshwa mwaka 2010, ulitengenezwa Nairobi kwa kutumia ngano za usuli za Kiafrika, na michoro yake ikafuata mtindo wa uchoraji wa Tingatinga ulioasisiwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972. Mle wanyama wanasema, na msimulizi anatusimulia. Mwalimu akiulinganisha mfululizo huo na Playful Pluto, wanafunzi wataona wazi ni upi uliochota katika kisima cha fasihi simulizi.

Mbweha na mgao wa simba

Sasa tumwendee jamaa yake Pluto. Kwa elimu ya viumbe, mbweha yumo katika jamii ya mbwa. Fisi, ingawa kwa umbo anafanana na mbwa, hayumo. Yuko karibu zaidi na paka. Wasomali humwita mbweha dawaco, fisi humwita waraabe, na simba humwita libaax. Wote watatu hukutana katika ngano ambayo mtoto wa Kisomali hukua akiisikia, nayo husimuliwa hivi kwa muhtasari.

Simba, fisi, mbweha na wanyama wenzao walishirikiana kuwinda, wakapata ngamia. Ulipofika wakati wa kugawa nyama, simba alimwamuru fisi agawe. Fisi akasema kuwa nusu ni ya simba, na nusu iliyobaki wagawane wengine. Simba alighadhibika, akampiga fisi kofi lililoling'oa jicho lake. Kisha akamgeukia mbweha: "Gawa wewe." Mbweha akaitazama nyama, akamtazama simba, akaanza kugawa. Paja hili la simba kwa chakula cha asubuhi, mbavu za simba kwa mchana, nundu ya simba kwa jioni. Akaendelea hivyo mpaka ngamia akaisha. Simba akafurahi. "Ni nani aliyekufundisha kugawa kwa haki namna hii?" Mbweha akajibu: "Ni jicho la fisi."

Ngano hii ina ndugu wengi duniani. Katika hekaya za Esopo wa Ugiriki ya kale anagawa punda, naye anararuliwa, kisha mbweha anagawa na kuponea hapo. Kwa hivyo mtahiniwa asiogope kuitumia akidhani ni ya kabila lake peke yake. Ngano husafiri, na inapofika Garissa huvaa vazi la Garissa: windo linakuwa ngamia, na nundu inatajwa.

Vigezo vinne vya kutenganisha utundu na ujanja

Tukiwaweka Pluto na mbweha bega kwa bega, tunapata vigezo vinne ambavyo mtahiniwa anaweza kuvitumia kwa mhusika yeyote.

Kwanza, nia. Mtundu hana mpango, mjanja anao. Pluto anaikuta karatasi ya gundi kwa bahati mbaya. Mbweha anapoanza kugawa tayari ameshajua atakavyomaliza. Ukiulizwa kama mhusika ni mjanja, tafuta mahali katika hadithi anapoonekana akipanga. Usipopapata, acha neno hilo.

Pili, mizani ya nguvu. Ujanja ni silaha ya mnyonge. Sungura hupambana na ndovu, mbweha husimama mbele ya simba, buibui hukabiliana na wakubwa wake. Mjanja ana mpinzani anayemzidi nguvu, na hadithi hutaka kuona akili ikisawazisha mizani. Utundu hauna mpinzani wa namna hiyo. Adui wa Pluto ni karatasi. Ni mgogoro wa kiumbe na kitu, na kitu hakina hila.

Tatu, ujuzi. Jiulize: baina ya mhusika na hadhira, ni nani anayejua zaidi? Katika filamu, sisi tunaiona gundi kabla ya Pluto kuikalia, na kicheko chetu kinatokana na kumtangulia. Katika ngano, mbweha ndiye anayetutangulia. Tunakaa katika taharuki tusijue atajibu nini, na jibu linapotoka linatushtua kwanza kabla ya kutuchekesha. Tunamcheka mtundu kwa kuwa hajui, nasi tunamcheka mjanja pamoja naye kwa kuwa amejua.

Nne, hatima na funzo. Utundu ukiisha, mambo hurudi yalivyokuwa. Filamu nyingine ikianza, Pluto ni yule yule, hajajifunza lolote. Ni mhusika bapa, na tunampenda hivyo hivyo. Ujanja huacha alama duniani: jicho limeng'oka na halirudi, nyama imekwenda, na wasikilizaji wamepata la kuzingatia. Methali ya mwenzako akinyolewa, chako tia maji, inakaa juu ya ngano hii kama kofia juu ya kichwa chake.

Je, mbweha ni mjanja kweli?

Mwanafunzi makini atauliza: iwapo mjanja hushinda, mbweha alishinda nini, na hali aliondoka bila hata mfupa? Swali hili niliwahi kulileta darasani katika shule moja ya Garissa, na darasa likagawanyika. Upande mmoja ulishikilia kuwa mbweha ni mwoga anayejipendekeza kwa mtawala dhalimu. Mvulana mmoja wa nyuma akajibu kwa sentensi moja tu: "Mwalimu, mbweha aliondoka na macho mawili."

Pande zote mbili zina hoja, na zote zingepata alama endapo zingethibitishwa. Anayemtetea mbweha ataeleza kuwa ujanja haupimwi kwa wingi wa nyama bali kwa kuokoka mbele ya mwenye nguvu, na kwamba jibu lake lina kejeli ndani yake: mbele ya simba mwenyewe, mbweha ametaja jicho lililong'olewa, na simba hana la kumshtaki. Anayempinga ataeleza kuwa mbweha ameuhalalisha udhalimu, na fisi, ambaye mgao wake ulikuwa karibu na haki, ndiye aliyeadhibiwa. Hapo darasa litakuwa limevuka sifa za wahusika na kuingia katika dhamira na maudhui: uongozi mbaya, ugavi wa rasilimali, kimya cha raia.

Wala usidhani kuwa watoto hawa wanajadili nyama ya kitabuni. Wengi wao waliuona ukame wa 2020 hadi 2023, mvua zilipokosekana msimu baada ya msimu na mifugo ya familia ikafa. Katika nyumba za wafugaji, nani agawe, nani apate kwanza na nani anyamaze ni maswali ya kweli. Ndiyo maana ngano ya mgao inaishi.

Hadhira: kwa nini darasa halikumcheka Pluto

Nikiri hapa kosa langu. Mara ya kwanza nilipoionyesha Playful Pluto darasani, kwa kompyuta ndogo, niliitazamia kicheko. Hakikuja nilipokitarajia. Mbwa alipokuwa aking'ang'ana na gundi, msichana mmoja aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, kwa nini mbwa huyu yumo ndani ya nyumba?" Darasa zima likacheka, lakini likamcheka Mickey aliyemruhusu. Nilidhani somo limeharibika. Ilinichukua siku mbili kuelewa kuwa msichana yule alikuwa amenifundisha hadhira ni nini.

Waislamu wengi wa Kaskazini Mashariki hufuata madhehebu ya Shafii, ambayo huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, mojawapo ikiwa kwa udongo. Mbwa wa kuwinda na wa kulinda mifugo anaruhusiwa, lakini mahali pake ni nje. Kwa hivyo mbwa anayerukaruka sebuleni hamchekeshi kila mtu. Wengine anawatia wasiwasi juu ya mkeka wa sala. Wakati huohuo, hadhira hii ina kumbukumbu nyingine ya mbwa. Katika Sura ya Al-Kahf yumo mbwa wa Watu wa Pango, aliyelala kizingitini muda wote wenzake walipokuwa usingizini. Aidha, ipo hadithi ya Mtume inayosimulia msamaha alioupata mtu aliyemnywesha maji mbwa mwenye kiu. Mbwa wa hadhira hii basi si mtundu. Ni mlinzi wa nje, au ni kiumbe anayestahili huruma. Filamu ilileta mbwa wa tatu, na darasa likamtazama kama mgeni.

Mtahiniwa akiulizwa umuhimu wa hadhira katika fasihi simulizi, asiishie kuandika kuwa hadhira husikiliza na kushangilia. Aeleze kuwa hadhira huja na imani, historia na mazingira yake, na maana ya kazi hukamilika pale vitu hivyo vinapokutana na usimulizi. Fanani hodari hubadilisha ngano kulingana na waliokaa mbele yake. Filamu haiwezi, imekwisha kufungwa. Hiyo ni hoja nzima ya kulinganisha fasihi simulizi na kazi iliyorekodiwa.

Kuna ushahidi mwingine mzuri. Mwaka 1941 mwongozaji Preston Sturges wa Marekani alitoa filamu iitwayo Sullivan's Travels. Ndani yake wafungwa wa kazi ngumu wanapelekwa katika kanisa la Wamarekani Weusi, pazia linatandazwa, na wanachoonyeshwa ni Pluto na karatasi yake ya gundi. Watu waliofungwa minyororo wanamcheka mbwa aliyenasa mpaka machozi yanawatoka. Kinaya kinaongezeka tukikumbuka kuwa mbwa huyu alijitokeza mara ya kwanza mwaka 1930, kabla hajapewa jina la Pluto, katika filamu iitwayo The Chain Gang, na kazi yake mle ilikuwa kunusa nyayo za mfungwa aliyetoroka. Mbwa wa gereza amekuwa faraja ya wafungwa. Kichoro ni kile kile. Hadhira imebadilika, na maana imebadilika nayo.

Namna ya kufundisha

Mwalimu asiye na kompyuta wala umeme wa kutegemewa asikate tamaa. Isimulie filamu yenyewe. Naam, igeuze iwe ngano. Kwa kuwa Pluto hasemi, wanafunzi watalazimika kumtafutia maneno, na hapo ndipo Kiswahili chao kitakapofanya kazi. Ninapendekeza hatua hizi.

(a) Simulia kipande cha gundi polepole, kisha uwaulize wanafunzi vitenzi. Utavuna nasa na nasua, bandika na bandua, kunja na kunjua, tega na tegua, ziba na zibua. Kauli ya kutendua, ambayo huwatatiza wengi katika sarufi, itakuwa imejifundisha yenyewe, kwa maana Pluto kutwa anatafuta kutendua.

(b) Mwombe mwanafunzi mmoja akisimulie tena kisa kama fanani, aanze kwa fomula ya ufunguzi. Wengine wataanza kwa "Paukwa!" na darasa litajibu "Pakawa!" Wengine wataanza kwa "Sheeko sheeko" ya Kisomali. Yapokee yote mawili, kisha mjadili dhima ya fomula: kuvuta makini, kuitenga dunia ya ngano na dunia ya kawaida, kuishirikisha hadhira.

(c) Mtake fanani huyo atumie tanakali za sauti na ishara za mwili pale ambapo filamu ilitumia picha. Wanafunzi watatambua kuwa utendaji ndio unaochukua nafasi ya mchoro.

(d) Watume nyumbani wakakusanye ngano moja ya mnyama mjanja. Garissa si ya Wasomali peke yao: kando ya Mto Tana wako Wamunyoyaya na Wapokomo, na kaskazini zaidi, Wajir na Mandera, wako wasemaji wa Kiborana. Watakaporudi, wavipitishe vigezo vinne juu ya kila ngano. Huo utakuwa utafiti wa nyanjani wa kweli, wenye hojaji, msimulizi, mahali na tarehe.

Swali la mfano na mwongozo

Mtahiniwa, jaribu swali hili kabla ya kusoma mwongozo.

"Si kila mnyama achekeshaye ni mjanja." Thibitisha kauli hii kwa kurejelea ngano moja ya jamii yako. (alama 10)

Mwongozo. Anza kwa kufafanua ujanja: kutumia akili kwa makusudi ili kumshinda au kumwepuka aliyekuzidi nguvu. Eleza utundu kwa sentensi moja. Taja ngano yako na jamii inakotoka. Kisha toa hoja, kila hoja ikifuatwa na tukio kutoka katika ngano, si maelezo ya jumla. Mathalani: mbweha anapanga (anaitazama nyama na kumtazama simba kabla ya kutamka), mbweha ni dhaifu (fisi aliyemzidi ukubwa ameng'olewa jicho kwa kofi moja), mbweha anajua tusilolijua (jibu lake ni la ghafla), tendo lake lina funzo (mwenye kuona la mwenzake hujihadhari). Malizia kwa kumlinganisha na mhusika wa kuchekesha asiye na hila. Epuka makosa matatu: kusimulia ngano nzima bila kujibu swali, kutaja sifa bila tukio la kuithibitisha, na kuchanganya khurafa na hekaya. Khurafa ni hadithi yoyote ambayo wahusika wake ni wanyama. Hekaya ni ile inayojengwa juu ya ujanja. Ngano ya mgao wa simba ni zote mbili kwa pamoja, lakini kisa cha Pluto, hata ukikisimulia kwa Kiswahili sanifu na kukianza kwa paukwa, kitakuwa khurafa ya kuchekesha tu.

Tamati

Sikumleta Pluto ili achukue nafasi ya sungura, wala mbweha ili achukue nafasi ya Pluto. Nimewaleta pamoja kwa kuwa sifa ya mhusika huonekana vizuri anapokaa karibu na asiyefanana naye. Mtahiniwa akijua kwa nini yule wa filamu ni mtundu na huyu wa ngano ni mjanja, ataweza kumpima mhusika yeyote atakayewekwa mbele yake siku ya mtihani.

Nawe mwalimu uliyepangiwa kazi Kaskazini Mashariki ukafika na begi lako na sungura wako, mfundishe sungura, ana haki yake. Lakini kabla kengele haijalia, liulize darasa swali moja: kwenu ni mnyama gani mwenye akili? Kisha keti. Usikilize. Huenda ukawa wewe ndiye mgeni pekee chumbani asiyejua habari za jicho la fisi.